Mama Zetu Hawamo Katika Shajara

Katika sebule ya nyumba yetu hapa Jeddah imetundikwa shajara ya ukoo. Marehemu baba aliinakili kwa mkono wake mjini Mombasa mwaka 1971, kutoka nakala ya ammi yake, naye ammi yake aliitoa Shihr kabla ya kupanda jahazi kuja Lamu. Shina liko chini, matawi yanapanda juu, na katika kila jani limeandikwa jina la mwanamume. Kaka zangu wanne wamo. Mimi simo. Mama yangu hamo, wala hamo bibi yetu wa Lamu, aliyemlea baba na kumfunza lugha hii ninayoiandika leo.

Sisemi haya kwa kulalama. Nasaba yetu hufuata baba, na wazee walioichora shajara hawakukusudia kumdhulumu mtu. Lakini wasomaji kadhaa wa ukurasa huu, baadhi yao kutoka Maskati na Toronto, wameniuliza kwa nini siku hizi naandika habari za vyeti na sheria badala ya majahazi, mapishi na picha za harusi za zamani. Jawabu langu ni hili. Urithi wa familia iliyohama si nasaba peke yake. Ni nasaba pamoja na haki ya kugonga mlango ulikotoka ukafunguliwa. Na haki hiyo, katika zama zetu, hatukuachiwa na mababu. Tumeachiwa na watu wasio wa ukoo wetu, waliosimama mbele ya majaji wakadai walichonyimwa. Naona ni wajibu wetu kuyajua majina yao kama tunavyoyajua ya babu zetu.

Nitaanza na yaliyonifika mwenyewe.

Mwanangu wa pekee alizaliwa Jeddah mwaka 2004. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na raia wa Kenya. Baba yake ni Mhadhrami wa Mukalla, mwenye pasi ya Yemen. Nchi hii tunamoishi ina sheria yake ya uraia tangu mwaka 1374 Hijria, yaani 1954 Miladia, na msingi wake ni nasaba ya baba. Kuzaliwa tu katika ardhi yake kwa wazazi wageni hakumpi mtoto uraia. Hilo si siri wala si la kuwalaumu wenyeji. Kila nyumba ina mlango wake na mwenye ufunguo wake. Sisi tuliokuja kwa ikama twajua kwamba kibali cha ukaazi kina tarehe ya mwisho, na kwamba kijana akishakuwa mtu mzima hawezi kukaa chini ya ikama ya baba yake milele.

Mwaka 2006 nilipanda basi la usiku kutoka Jeddah kwenda Riyadh, safari ya kilomita zisizopungua mia tisa kupitia njia ya Taif, mtoto amelala mapajani. Nilikwenda kumwombea uraia kwa upande wangu. Karani aliyenipokea alikuwa muungwana. Alinipa kiti, akamchekea mtoto, akazitazama karatasi zangu moja moja, kisha akasema: “Mama, wewe ni wetu, halina shaka. Lakini mtoto kazaliwa nje, na aliyezaliwa nje humfuata baba.”

Hakukosea. Katiba ya Kenya ya wakati ule ilisema hivyo hasa: aliyezaliwa nje ya nchi alikuwa raia ikiwa baba yake ni raia. Mama hakutajwa. Kaka yangu, aliyeoa binti wa Kihadhrami, watoto wake waliozaliwa katika hospitali ile ile ya Jeddah walipata pasi za Kenya bila ya kuulizwa jambo. Binamu hao na mwanangu walicheza katika ua mmoja, wakala mahamri ya sahani moja, wakafundishwa Kiswahili na nyanya mmoja. Mbele ya sheria wao walikuwa Wakenya na yeye mgeni. Nilirudi Jeddah usiku ule nikiwaza kwamba ile shajara ya sebuleni imetoka ukutani na kuingia katika katiba.

Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilizindua katiba mpya. Ibara ya 14 inasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa, siku aliyozaliwa, mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko. Kifungu kinachofuata kinawaingiza hata waliozaliwa kabla ya katiba hiyo, ikiwa mzazi mmoja ni raia au aliwahi kuwa raia. Mwaka 2012 nikapanda basi lile lile. Safari hii mtoto alikuwa na miaka minane na akakaa kiti chake. Waliniomba cheti changu cha kuzaliwa na chake. Cha baba yake walikitazama kwa kukamilisha faili tu.

Miaka mitatu baadaye vita vilipoizidi Yemen na kupata karatasi za upande ule kukawa shida kubwa, mwanangu alikuwa na pahala pa kwenda. Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mimi si wakili. Nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Lakini nilitaka kujua ni nani aliyepata kusema mbele ya jaji, kabla yangu, kwamba na mama ni mzazi.

Wa kwanza niliyemkuta ni Unity Dow wa Botswana.

Bibi huyu, wakili kwa taaluma, aliolewa mwaka 1984 na Mmarekani. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1979, kabla ya ndoa. Wawili wa mwisho walizaliwa ndani ya ndoa, mwaka 1985 na 1987, wote katika ardhi ya Botswana. Kwa sheria ya uraia ya mwaka 1984, yule wa kwanza alikuwa Mbotswana, kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alimfuata mama. Hawa wawili walikuwa wageni, kwa kuwa mtoto wa ndoa alimfuata baba. Msomaji atue hapa kidogo. Mama ni yule yule, baba wa wawili hao ni mume wake wa halali, nyumba ni ile ile. Ndoa yenyewe ndiyo iliyowapokonya watoto nchi yao.

Serikali ilijitetea kwa hoja nzito. Ilisema kwamba katiba, katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, haikutaja jinsia, na kwamba neno hilo liliachwa kwa makusudi ili mila za wananchi zinazofuata ukoo wa baba zisivunjwe. Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo mwaka 1991, na Mahakama ya Rufaa ikaikataa tena mwaka 1992, majaji watatu dhidi ya wawili. Wengi wao walishika ibara nyingine ya katiba ile ile, iliyompa kila mtu haki za msingi awe mwanamume au mwanamke, wakasema kwamba orodha haiwezi kuufuta msingi. Mila huheshimiwa, lakini mila haiwi juu ya katiba. Mwaka 1995 bunge likaibadilisha sheria ya uraia, na miaka michache baadaye Unity Dow mwenyewe akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi yake.

Binamu yangu mmoja, mtu mwenye elimu, alinicheka niliposimulia haya katika barza ya Idi. “Hukumu ya Botswana yatuhusu nini sisi watu wa bahari?” Sidai kwamba hukumu hiyo ndiyo iliyoandika katiba ya Kenya, Wakenya waliipigania katiba yao wenyewe miaka mingi, na wengine walilipa kwa damu. Lakini hoja ikishapimwa hadharani, mbele ya majaji na kwa maandishi, haiwi tena kilio cha mwanamke mmoja kwenye dirisha la karani. Inakuwa hoja ambayo mwingine anaweza kuichukua na kwenda nayo mahakama nyingine. Hivyo ndivyo kesi zinavyosafiri, kama mbegu zilivyosafiri katika mizigo ya mababu zetu.

Wa pili si mtu mmoja bali ni watoto wa jamii nzima, Wanubi wa Kenya.

Wanubi ni kizazi cha askari wa Kisudani waliochukuliwa katika majeshi ya kikoloni ya Waingereza na kuwekwa Kibera, pahala ambapo jina lake katika lugha yao ni msitu. Wameishi hapo zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo mtoto wao alikuwa hajui kama ni Mkenya mpaka afike miaka 18, aende kuomba kitambulisho, ahojiwe na kamati, aulizwe cheti cha babu. Wasomaji wangu wa Pwani hawahitaji kuelezwa. Mnaijua mikoba ile ya plastiki yenye karatasi za babu mzaa babu, na mnamjua kijana aliyerudi mara tatu kwa sababu jina lake lina “bin” au kwa sababu rangi yake imetiliwa shaka.

Kesi ya watoto hao ilipelekwa mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, na uamuzi ukatoka tarehe 22 Machi 2011. Ulikuwa uamuzi wa kwanza kutolewa na Kamati hiyo juu ya shauri lolote. Ulisema kwamba mtoto ana haki ya kupata utaifa tangu azaliwapo, na kwamba kumweka katika shaka mpaka afike miaka 18 si kumtakia mema. Utoto haungojei kamati ikae.

Naukumbuka uamuzi huu kila nionapo watu wetu hapa Jeddah wakiahirisha kusajili watoto. Tunasema, “Atakapokuwa mkubwa tutashughulikia.” Kwa nini tuwafanyie watoto wetu kwa uvivu jambo ambalo serikali zimelaumiwa kwa kulifanya kwa sheria?

Wa tatu ni Anudo Ochieng Anudo wa Tanzania, na kisa chake ndicho kinachonitisha zaidi.

Alizaliwa mwaka 1979 wilayani Butiama. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, na pasi ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi cha Babati kwa shughuli za karatasi za ndoa yake. Badala ya kusaidiwa, pasi yake ilizuiwa kwa shaka kwamba si raia. Mwaka 2014 alifukuzwa nchini na kupelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, ikamrudisha. Tanzania haikumpokea. Akabaki pale Sirari, katika ukanda wa ardhi ulio kati ya vituo viwili vya mpaka, mtu aliyetoka nyumbani kwenda kutafuta karatasi za harusi.

Shauri lake lilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Hukumu ilisomwa tarehe 22 Machi 2018, miaka saba kamili tangu siku ya uamuzi wa watoto wa Kinubi. Swali kubwa lilikuwa hili: ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha? Je, ni yeye athibitishe kwamba ni Mtanzania, au ni serikali ithibitishe kwamba siye? Mahakama ilijibu kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyompa karatasi zile na kumtambua tangu azaliwe. Basi ikitaka kumkana, ni juu yake kuleta ushahidi. Maelezo ya mashahidi yaliyotegemewa yalikuwa yakipingana, na kipimo cha vinasaba kingeweza kuondoa shaka. Tena hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama kabla ya kufukuzwa. Tanzania iliambiwa imwache arudi, na irekebishe sheria yake ili mtu anayetiliwa shaka awe na mlango wa mahakama.

Tulio wa familia zilizotawanyika, zenye jina la Kiarabu, lafudhi ya Kimvita na anwani ya Hijaz, tuisome hukumu hii kwa makini. Kila mmoja wetu amewahi kusimama mahali akaulizwa, “Wewe hasa ni wa wapi?” Hukumu ya Arusha inasema kwamba swali hilo halitoshi kumvua mtu nchi yake. Anayeuliza ndiye wa kuthibitisha, madhali wewe una karatasi ulizopewa kwa haki.

Hapa watatokea watu wawili wa kunipinga, na wote wana sehemu ya ukweli.

Mmoja atasema: hukumu ni wino, na wino hauvuki mpaka. Ni kweli kwamba si kila hukumu hutekelezwa. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na jumuiya kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo iliyo katika ardhi yake, na mlango huo ukafungwa kwa kesi mpya mwaka uliofuata. Ni kweli pia kwamba kamati za kuhoji watu hazikukoma siku ile Kamati ya Watoto ilipotoa uamuzi. Lakini kama maneno ya majaji hayana uzito, kwa nini kufunga mlango? Mtu hafungi dirisha lisilopitisha upepo.

Wa pili atasema: sisi ni watu wa heshima, wageni katika nchi ya watu, na mambo ya mahakama ni fedheha. Wazee wetu walimaliza mambo yao kwa salamu na barua ya mtu wa makamo. Naiheshimu desturi hiyo. Barua ya mtu wa makamo iliwasaidia wengi mwaka 1964, pale jamaa zetu wa Unguja walipotawanyika kwenda Mombasa, Dubai na hapa Hijaz. Lakini barua hiyo ilimsaidia aliyemjua mtu wa makamo. Mjane asiyejulikana hakuwa na wa kumwandikia. Haki iliyoandikwa katika ibara ya katiba haiulizi unamjua nani.

Ndugu zetu wenye asili ya Unguja na Pemba wana hesabu nyingine, na ni lazima waijue. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humtambua aliyezaliwa nje ikiwa mama au baba ni raia, lakini mzazi huyo asiwe naye ni raia kwa kurithi tu. Kizazi cha kwanza kilichozaliwa ughaibuni kimo. Cha pili chaweza kutoka. Wala mtu mzima hawezi kushika uraia huo pamoja na wa nchi nyingine. Wenye asili ya Kenya wamefunguliwa zaidi: Ibara ya 16 ya katiba ya mwaka 2010 inamhifadhia raia wa kuzaliwa uraia wake hata akipata mwingine, na Ibara ya 14 inamruhusu aliyeupoteza zamani kuomba arudishiwe. Tofauti hii haikutoka mbinguni. Imetengenezwa na watu waliodai, na yaweza kutengenezwa tena.

Basi ninaloomba ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji wakili.

La kwanza, tafuteni vyeti vya mama na bibi zenu, si vya baba na babu tu. Cheti cha kuzaliwa cha mwanamke wa Lamu au Malindi ambacho kimelala chini ya mkeka kabatini huenda ndicho pasi ya mjukuu wake. La pili, sajilini watoto wakingali wachanga, mbele ya ubalozi wenu, hata kama safari ya Riyadh ni ndefu na joto ni kali. La tatu, wafundisheni majina haya: Unity Dow, watoto wa Kinubi wa Kibera, Anudo Ochieng Anudo. Mtoto anayeweza kutaja mababu saba kwa moyo hashindwi na majina matatu.

Kuhusu ile shajara ya baba, sikuigusa. Ni amana, na imeandikwa kwa mkono wake. Lakini Ramadhani iliyopita mwanangu alikwenda Balad akaniletea karatasi kubwa nene, tukaketi mezani baada ya tarawehe yeye na mimi, tukaanza kuandika upya. Tulianza na bibi yetu wa Lamu. Jina la baba yake tulilijua. Jina la mama yake hakuna aliyelijua, si mimi, si kaka zangu, wala shangazi aliye Mombasa tuliyempigia simu usiku ule.

Tumeacha nafasi. Kama yuko msomaji mwenye asili ya Lamu ambaye kwao kuna karatasi za zamani za Mkomani au Langoni, namwomba azitazame tena, safari hii akiyasoma na majina ya kina mama.